UZI: Mtoto wa awali afundishwe kwa mikono kabla ya kalamu. Walimu na wazazi wa Kigoma tuongee

mwl_wa_awali_kgm:

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali, shule ya serikali, hapa Kigoma mjini upande wa ziwani. Kila mwaka shule zikifunguliwa mzozo ni ule ule. Mzazi anafungua begi la mtoto, anakuta daftari limeandikwa kurasa mbili tu, kesho yake asubuhi yuko mlangoni. Akichungulia darasani anaona hawa wamekaa mkekani wanapanga kokwa za michikichi, wale wanamimina maji kutoka kikombe kimoja kwenda kingine, mmoja amelala kifudifudi anafuatilia sisimizi wanavyobeba punje ya mchele. Anaondoka na neno moja: "Wanacheza tu."

Nataka nieleze kinachoendelea pale, kwa sababu nakiamini na kwa sababu nimechoka kukieleza kwa dakika mbili mlangoni.

Mtoto wa miaka mitano anaujua ulimwengu kwa kuushika. Ukimwambia tano ni kubwa kuliko tatu ataitikia kama kasuku. Sasa mpe kokwa tano, mwenzake mpe tatu, wazipange mistari miwili, kila kokwa ikae chini ya nyingine. Mbili zitabaki hazina wenzao. Ataziangalia, atazigusa, pengine atakugeukia akuonyeshe. Hapo hujafundisha kitu kwa mdomo, lakini amekwisha kukutana na hesabu ya kutoa. Akifika darasa la kwanza akaiona alama ya kutoa ubaoni, atakuwa anajua inazungumzia jambo gani.

Aliyelichimba suala hili mpaka chini ni Maria Montessori, daktari wa Italia aliyezaliwa 1870. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto San Lorenzo, mtaa wa watu wa hali ya chini jijini Rome. Watoto walikuwa wapatao hamsini, wazazi wao wanashinda vibaruani, na mlezi waliyempata hakusomea ualimu. Montessori aliweka vifaa, akakaa kuangalia. Akamwona binti mdogo anachomeka vipande vya mbao vya mviringo kwenye matundu yake, anavitoa, anavirudisha, zaidi ya mara 40, na kelele za wenzake hazimshtui. Kifaa chenyewe ndicho kilichomfundisha: ukichomeka kipande kwenye tundu lisilo lake, mwishoni kuna kimoja kitakosa pa kuingia. Mtoto anaona kosa kwa macho yake na kulirekebisha mwenyewe. Hapo kalamu nyekundu haina kazi.

Watu wakisikia mtoto anachagua kazi yake, wanadhani mwalimu amekaa pembeni anachezea simu. Niseme wazi: ni kazi ngumu kuliko kuandika ubaoni na kuwaambia wanakili. Lazima niwahi kabla yao nipange kona za kujifunzia, kila kazi kwenye ungo au boksi lake, imekamilika, haijapungua kokwa wala kijiko. Nikimwonyesha mtoto kazi mpya naionyesha polepole, maneno machache, ili macho yake yafuate mikono yangu. Halafu najiondoa. Kujiondoa ndiko kugumu, maana mtoto akihangaika mkono unakuwasha umsaidie. Na wakati huo nina daftari langu naandika: nani amerudia kitu gani, nani anazunguka tu hajatulia, nani yuko tayari kwa hatua inayofuata.

Uhuru huo una mipaka yake. Unachagua kazi iliyopo. Unachukua moja. Ukimaliza unairudisha mahali pake kama ulivyoikuta. Mwenzako akiwa kazini humwingilii. Mtoto aliyezoea haya miezi michache utamkuta nyumbani anarudisha sufuria pasipo kuambiwa.

Tena siyo mambo niliyoyaokota pembeni. Mtaala wetu wa awali wenyewe unataka watoto wajifunze kwa michezo na kwa kona za kujifunzia. Karibuni, hasa mnaopinga.

mama_wawili_mwanga:

Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini mimi ndiye yule mzazi wa kufungua begi. Jirani yangu hapa Mwanga anamsomesha wake inglishi midiamu ya kulipia. Mtoto ana miaka minne na nusu, anaandika A mpaka Z na 1 mpaka 100. Wa kwangu kila siku "mama leo tumepanga visoda". Januari wakikutana darasa la kwanza, nani ataachwa nyuma? Ukitaka kumhamisha ukapeleka usaili, watamuuliza visoda?

mwl_wa_awali_kgm:

Mama wawili, swali lako ni la haki na nakujibu kwa urefu.

Kuandika kunabeba mambo mawili, na kila moja linakua kwa njia yake. La kwanza ni mkono. Kalamu inashikwa na vidole vitatu, na vidole hivyo vinapata nguvu kwa kuchambua maharage, kufinyanga udongo, kufunga vifungo vya shati, kukamua kitambaa chenye maji, kuokota kokwa moja moja. Mtoto aliyelazimishwa kalamu kabla ya hapo utamjua: anaishika kwa ngumi, anagandamiza mpaka karatasi inatoboka, baada ya mstari mmoja anasema mkono unauma. Na unauma kweli.

La pili ni sauti. Sisi hatuanzi na jina la herufi. Hatusemi "em", tunasema "mmm", kwa sababu hiyo ndiyo sauti anayoisikia kwenye "mama". Herufi tunaikata kwenye msasa wa seremala, tunaibandika kwenye kadibodi, mtoto anaipitisha vidole viwili kufuata njia ambayo kalamu itapita baadaye, huku anatamka sauti yake. Jicho, sikio na kidole vinafanya kazi kwa pamoja. Baada ya hapo tunampa herufi zilizokatwa kwenye maboksi azipange chini: m, a, m, a. Ameandika neno kabla mkono wake haujaweza kalamu. Kiswahili kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na Kiitaliano nacho ni hivyo hivyo, ndiyo maana njia hii haikupata shida kuja kwetu. Watoto wa San Lorenzo walianza kuandika kabla ya kusoma, wengi wakiwa hawajafika miaka sita.

Kuhusu mtoto wa jirani, simsemi vibaya, ni mtoto wetu sote. Ila jaribu jambo hili. Waite wote wawili, waambie kila mmoja akuletee dagaa kumi na wanne kutoka kwenye ungo. Halafu waulize neno "kaka" linaanza na sauti gani. Njoo utuambie.

mdau_gungu:

Nimeweka kambi hapa. Mwalimu tiririka.

mwl_buhigwe:

Mwakeye mwalimu mwenzangu. Ninakuunga mkono moyoni, ila tuwe wakweli. Niko kijijini Buhigwe. Tangu elimu bila ada ianze 2016 darasa langu halijawahi kushuka chini ya watoto mia, mwalimu ni mimi peke yangu, madawati ya kubanana. Nusu yao wanakuja wanajua Kiha tu. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nikianza kugawa maji na kokwa kwa watoto mia na kitu, saa tatu asubuhi nitakuwa naokoa mafuriko. Njia hii ni ya shule zenye watoto ishirini na zulia.

mwl_wa_awali_kgm:

Mwalimu wa Buhigwe, asante sana. Hoja yako ndiyo iliyonisukuma kuandika, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzetu wengi.

Watu wanasema darasa likiwa kubwa huwezi kuwaacha watoto wachague kazi. Mimi naona darasa likiwa kubwa ndiyo huna njia nyingine. Watoto mia ukiwafundisha wote kwa pamoja ubaoni, wanaokusikia ni wa mbele, wa katikati wanaitikia, wa nyuma wanapigana. Mwalimu mmoja hawezi kuwafundisha mia. Lakini kokwa zinaweza kumfundisha huyu, maji yakamfundisha yule, na mtoto aliyekwisha kuelewa akamfundisha mwenzake, wakati wewe umekaa na kumi tu wanaokuhitaji saa hiyo. Wale watoto wa San Lorenzo walikuwa na mlezi mmoja na umri mchanganyiko. Mdogo anamtazama mkubwa, mkubwa akimwonyesha mdogo naye anakielewa zaidi.

Ninavyofanya ni hivi. Wiki za mwanzo sifungui kona zote. Nafungua moja, nayo haina maji. Wote tunajifunza kuchukua ungo, kuubeba kwa mikono miwili, kukaa, kufanya, kurudisha. Hilo tu, mpaka liwe mazoea. Usione umepoteza muda, miezi yote inayofuata inasimama juu ya wiki hizo. Halafu naongeza kona ya pili, kisha ya tatu. Kikiwa kiangazi natoka nje, chini ya mwembe, kila kundi na mkeka wake. Ujenzi wa vijiti na visoda unajiendesha wenyewe. Udongo unajiendesha. Kona ya nyumbani, ya kuigiza mambo ya nyumbani, inajiendesha mno, kazi yako ni kuwatoa tu. Mimi nabaki na kundi la herufi au la hesabu, kesho nakaa na jingine. Maji nayaleta mwisho, kikombe robo tu, nje, na kitambaa kiko pembeni: anayemwaga anafuta. Kufuta nako ni kazi ya mikono.

Kuhusu Kiha, vitu halisi ndivyo vitakavyokuokoa. Kuna hatua tatu ambazo Montessori alizichukua kwa Édouard Séguin, daktari wa Kifaransa aliyekuwa akifundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Unaweka mawe mawili mkononi mwa mtoto: "Hili ni zito. Hili ni jepesi." Kisha: "Nipe zito." Hapo kaa sana, cheza nalo, mbadilishie mikono. Hatua ya mwisho tu ndiyo unauliza: "Hili likoje?" Sisi tunaruka moja kwa moja kwenye kuuliza, mtoto wa Kiha ananyamaza, tunasema mzito wa kuelewa. Kumbe alihitaji kulipokea neno kwa mikono kwanza. Na kwenye kona waache wazungumze Kiha chao, fikra ziendelee.

Yote hayo hayafuti haja ya walimu. 1:25 ni haki ya watoto hawa na lazima tuendelee kuidai vikao vyote. Lakini watoto wa mwaka huu hawawezi kusubiri ajira za mwaka kesho.

mwl_buhigwe:

Hapo kwenye kuanza na kona moja nimekuelewa. Nilikuwa nafungua zote Jumatatu ya kwanza. Nitalifanyia kazi.

mkazi_wa_ujiji:

Mwalimu samahani, hizi ni tamaduni za wazungu. Sisi Ujiji tulisoma vidudu kwa kuimba na fimbo, tukaenda madrasa, tukahifadhi, na leo tuna kazi zetu. Kuna ushahidi gani kwamba kucheza na mbao kunamfikisha mtoto mahali?

fundi_mbao_tabora:

Mzee wangu wa Ujiji, kabla mwalimu hajajibu, niulize: mdako ni wa wazungu? Unarusha jiwe juu, chini unavuta mawili, unadaka, unarudisha moja. Ile ni hesabu na mikono na macho kwa pamoja, na wasichana wa kwetu Unyamwezini wameicheza tangu zamani hakuna aliyewafundisha ubaoni. Kujipikilisha je? Mtoto anapima unga wa mchanga, anagawa chakula kwa watu wanne. Halafu Mwalimu Nyerere, ambaye alifundisha hapa hapa Tabora, St. Mary's, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alilalamikia shule inayomtenga mtoto na maisha ya watu wake. Mimi naona tunayozungumza hapa ni yale yale.

mwl_wa_awali_kgm:

Fundi umenisemea. Mzee wa Ujiji, kuhusu ushahidi, nakupa mmoja ninaouheshimu kwa jinsi ulivyofanyika. Milwaukee, Marekani, kulikuwa na shule ya umma ya Montessori iliyochukua watoto kwa bahati nasibu. Angeline Lillard na mwenzake wakalinganisha watoto walioshinda nafasi na walioikosa, utafiti ukatoka mwaka 2006. Utamu wake ni kwamba wazazi wote hao waliitaka shule ile, kwa hiyo huwezi kusema waliofaulu walikuwa na wazazi wanaojali zaidi. Watoto wa miaka mitano wa Montessori walikuwa mbele kwenye kutambua herufi na maneno, kwenye hesabu, na kwenye kusuluhisha ugomvi na wenzao. Kwenye miaka kumi na miwili tofauti ya kusoma na hesabu ilikuwa imepungua, ila insha zao zilikuwa na ubunifu zaidi. Ni shule moja ya mji mmoja, siwezi kukuambia imemaliza kila kitu.

Na Afrika Mashariki hatukungoja. Bi Swafia Said, mwalimu wa Mombasa, kuanzia miaka ya 1980 alisimamia shule za awali za madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, wakafundisha dini na elimu ya awali pamoja, vifaa vikiwa makumbi, vifuu, magamba ya baharini na maboksi. Zikaenea Zanzibar na Uganda. Wewe mtu wa Ujiji na madrasa zake nadhani hilo ni la kwako kabisa. Kuhifadhi na kushika vinakaa nyumba moja.

Fimbo siizungumzi kwa mtoto wa miaka mitano. Haina nafasi.

fundi_mbao_tabora:

Mwalimu, mimi ni seremala, vipande vya mninga vinavyobaki karakana nachomea moto tu. Nipe vipimo nitengeneze vitu vya shule ya mtaani kwangu.

mwl_wa_awali_kgm:

Mungu akubariki fundi. Viwili vya kuanzia.

Mnara: vipande kumi vya mraba pande zote. Cha kwanza sentimita 1 kila upande, cha pili sentimita 2, mpaka cha kumi sentimita 10. Usikosee hata milimita mbili, maana mtoto anaona. Kile kikubwa kina ujazo wa mara 1,000 ya kile kidogo, kwa hiyo mkono unaipata tofauti hata macho yakifumbwa.

Fito za kuhesabia: kumi. Ya kwanza sentimita 10, ya pili 20, mpaka ya mwisho mita moja. Kila sentimita 10 ibadilike rangi, nyekundu na bluu. Ukiunganisha ya 6 na ya 4 unapata urefu ule ule wa ya 10. Mtoto atagundua mwenyewe, usimwambie. Piga msasa kingo zote zisichome. Rangi hakikisha haina madini ya risasi, watoto hulamba. Kama huna uhakika nayo, kwa mnara iache mbao ilivyo, ni nzuri.

baba_wa_katonga:

Mimi ni mvuvi. Tukirudi alfajiri watoto wanashinda pale tunapoanika dagaa. Shule hawajafikia umri, wana miaka mitatu, minne. Kuna la kufanya nao au tuwaache tu?

mwl_wa_awali_kgm:

Kaka yangu, pale ufukweni una darasa ambalo mimi mjini sina. Mpe ungo mdogo wake na dagaa achambue: wakubwa huku, wadogo huku, takataka kule. Mchanga ulionyooshwa kwa kiganja ni ubao, achore. Mwache ajaze kopo kubwa kwa kopo dogo ahesabu mangapi. Umwite akusaidie kukunja kamba, na mzungumze huku mnafanya. Maneno unayomwambia saa hiyo ni mtaji wake.

Tahadhari mbili, nisikilize vizuri. Aliye chini ya miaka mitatu asipewe kokwa wala visoda, vitamkaba. Na wote, wa umri wowote, wasichezee mbegu za mbarika wala mbono kaburi. Zinavutia kwa kuhesabia lakini zina sumu, kutafuna chache tu ni hatari. Na majini asikae peke yake hata kama ni ya magotini.

mama_wawili_mwanga:

Nimerudi. Nimefanya jaribio la dagaa. Mwalimu sikufichi: wa jirani alileta kumi na wanne kamili. Wa kwangu alifika tisa, akachanganyikiwa, akaanza upya. Kwenye sauti ndipo wa kwangu alijibu "kkk" haraka, wa jirani akasema "kei".

mwl_wa_awali_kgm:

Vizuri sana kwa wa jirani, inaonekana kuna mtu anamshikisha vitu nyumbani kwao, wapongeze.

Wa kwako kukwama tisa kunaeleweka. Kumi ndipo hesabu inapogeuka, na nyumbani mnaweza kulimaliza. Tafuta vijiti, hata vya fagio. Ahesabu kumi, afunge kwa mpira: hilo ni fungu moja la kumi. Kisha aongeze vya pekee pembeni: kumi na moja, kumi na mbili. Kiswahili kinamsaidia, maana jina lenyewe linasema kumi na nyingine nne. Akifika fungu la pili ndiyo mmpe neno ishirini. Fanyeni muda mfupi, akichoka acheni.

mama_wawili_mwanga:

Haya nimekusikia, begi sitalifungua mpaka mwezi uishe. Ila hizo herufi za msasa nataka niwe nazo nyumbani. Nianze na zipi?

mwl_wa_awali_kgm:

Nunua msasa laini, ule mkali wa chuma utamchuna vidole. Herufi iwe na urefu wa kiganja chako. Irabu bandika kwenye kadibodi ya rangi moja, konsonanti rangi nyingine. Herufi ndogo, siyo kubwa, kwa sababu ndizo atakazozikuta kitabuni. Anza na a, m, k, t. Kwa hizo nne peke yake anapanga mama, kaka, kata, taka, kama, mkaa. Akizizoea ongeza i na u, ndiyo apate kiti, mtu na kuku. Akikwama kwenye kuunganisha sauti mbili, niandikie hapa hapa, nitakuelekeza.